Pampu mpya, gari haliwaki: maswali ya umeme tunayoulizwa sana Malindi

Maswali haya ni ya wenye magari yaliyokwishakula chumvi: Corolla na Nissan za miaka ya tisini, Honda, Probox za mwanzo, na zile Suzuki na Land Rover zinazobeba wageni kwenda Marafa. Pampu ya mafuta ilikufa, ikawekwa nyingine, na umeme ukaanza vituko. Tunawajibu wote kwa msimamo mmoja: usirudi dukani kununua pampu ya pili kabla hujapima umeme unaofika kwenye soketi yake wakati pampu yenyewe inazunguka. Wanaopima ni wachache. Wanaonunua ni wengi.

Stata inapiga vizuri lakini injini haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia pale mikono ilipopita mwisho. Kama kabla ya kazi gari lilikuwa likiwaka, hata kwa kusumbua, na sasa haliwaki kabisa, basi kuna kitu kimeguswa na hakikurudi mahali pake. Inua kiti cha nyuma, au fungua kifuniko kilicho ndani ya buti ikiwa gari lako limewekewa huko, utazame soketi ya pampu. Je, imeingia mpaka ikalia "tak"? Pini moja huweza kurudi nyuma ndani ya soketi, ukitazama kwa juu unaona imefunga sawasawa, kumbe waya haugusi kitu. Vuta kila waya taratibu kwa vidole. Ukitoka, umeshapata.

Halafu nenda kwenye fyuzi, na usiihukumu kwa macho. Zile fyuzi bapa za plastiki zina vidoti viwili vya chuma mgongoni. Weka ufunguo ON, gusa kila kidoti kwa testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka popote, tatizo liko nyuma yake: relei kuu (relei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme), swichi ya ufunguo, au kituo cha betri ambacho fundi alikifungua asikikaze. Na usiishie kwenye fyuzi yenye jina la pampu, kwa sababu magari mengi hayana fyuzi yenye jina hilo; kwenye Toyota nyingi utakuta EFI na IGN, na zote mbili zinahusika.

Tatu ni relei. Tafuta relei nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilo hilo, mara nyingi ya honi au ya taa, ulinganishe namba za miguu, kisha uzibadilishane. Gari likiwaka na honi ikanyamaza, kazi imekwisha.

Ukisikia pampu inavuma na presha ya mafuta ipo, achana na pampu. Kaangalie cheche kwenye plagi.

Nikiweka ufunguo ON sisikii pampu ikivuma nyuma. Imekufa?

Si lazima. Magari mengi yenye injekta, yaani yanayonyunyiziwa mafuta kwa presha badala ya kabureta, huzungusha pampu kwa sekunde mbili tatu ufunguo unapofika ON, kisha huizima mpaka stata ipigwe. Lakini Toyota nyingi za miaka ya tisini hazifanyi hivyo. Kwenye hizo, pampu hupata moto, yaani umeme, wakati stata inapiga, halafu ikaendelea kupata kwa sababu kompyuta inaona injini inazunguka. Ukikaa unasubiri mvumo kwenye Corolla AE100 utasubiri mpaka kusi igeuke kaskazi.

Hizo Toyota zina dawa yake. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, na ndani yake herufi za kila tundu zimechapwa. Unganisha +B na FP kwa kipande cha waya, weka ufunguo ON bila kupiga stata. Pampu inatakiwa kuzunguka mfululizo. Ikizunguka, basi pampu, fyuzi na waya unaokwenda nyuma viko sawa, na tatizo ni relei ya pampu au ile ishara ya umeme inayoiamuru. Isipozunguka, tembea na waya kuelekea nyuma. Angalia tu usikosee tundu, kwa sababu +B ina moto wa betri na haina huruma na jirani zake.

Gari lolote lile, mwambie mtu apige stata nawe weka sikio karibu na mdomo wa tangi. Bila sigara, tafadhali.

Fyuzi inaungua mara tu ninapoiweka.

Chomoa soketi ya pampu kwanza, kisha weka fyuzi mpya yenye namba ile ile. Ikiungua pampu ikiwa imechomolewa, waya wa moto unagusa bodi mahali fulani. Tafuta pale kifuniko cha tangi kilipofungwa kwa skrubu, na pale chuma cha kiti cha nyuma kinapokaa. Waya hubanwa hapo kila siku. Kwa gari ambazo tangi lilishushwa chini ili kutoa pampu, tazama juu ya tangi lenyewe, maana linaporudishwa hupenda kulalia waya.

Fyuzi ikikaa salama soketi ikiwa imechomolewa, na ikaungua ukiichomeka, basi kosa limo ndani ya tangi: waya zimeguswa pale juu ya pampu, au pampu imekwama. Pampu mpya hukwama pia. Tangi ambalo limekaa miaka na petroli kidogo lina mchanga na kutu, na chujio lisipowekwa vizuri vinaingia moja kwa moja kwenye pampu.

Fundi aliweka fyuzi kubwa zaidi na sasa haiungui. Kuna ubaya?

Upo. Fyuzi inalinda waya. Pampu ya kawaida ya injekta huvuta kama ampea nne mpaka nane, ndiyo maana magari mengi yamewekewa fyuzi ya ampea 15, ile ya buluu. Ukiweka ya kijani, yaani 30, umeiambia waya nyembamba iliyopita chini ya zulia na kando ya tangi la petroli ijilinde yenyewe. Nyekundu ni 10, njano ni 20. Rudisha rangi iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi, na ikiungua tena ushukuru, kisha utafute sababu. Karatasi ya sigara na kipande cha waya badala ya fyuzi sitavizungumzia.

Fyuzi inashika mjini vizuri, lakini inaungua nikifika njia ya Gede.

Hapo hakuna waya uliogusa bodi waziwazi. Kuna moja kati ya mambo mawili. Ama waya unachubuka na kugusa gari linaporuka kwenye matuta, ama pampu inavuta umeme mwingi kuliko inavyopaswa kadiri inavyopata joto. Kutofautisha, weka mita kwenye ampea mahali pa fyuzi, tundu la ampea 10 na si lile dogo, utazame namba gari likiwa baridi na baada ya nusu saa. Ikianza na tano ikapanda kuelekea kumi, pampu inalemewa: filta imeziba, bomba la kurudisha mafuta limebanwa, au pampu ni ya presha kubwa kuliko ya gari hilo. Namba ikitulia huku fyuzi inaungua barabarani, utikise waya kwa mkono kipande kwa kipande mpaka namba iruke.

Mita inaonyesha volti 12 kwenye soketi, lakini pampu haizunguki, au inazunguka kinyonge. Si basi pampu ni mbovu?

Hili ndilo swali linalowapotezea watu pesa nyingi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Mita haivuti umeme, au huvuta kidogo mno usioweza kuhesabika. Waya wa shaba wenye nyuzi ishirini ukibakiwa na uzi mmoja mzima, mita itakuonyesha volti 12 na pointi bila aibu, kwa sababu uzi mmoja unatosha kulisha mita. Pampu inataka ampea tano. Hapo ndipo uzi mmoja unaposhindwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mahali fulani njiani, kwenye kiungo chenye kutu, kuna ukinzani wa nusu omu. Bila pampu hakuna umeme unaopita, hakuna kinachopotea, mita inasoma 12.5. Chomeka pampu ivute ampea tano: tano mara nusu ni volti mbili na nusu zilizobaki pale kwenye kutu. Pampu inapata 10. Tena kile kiungo kinatoa joto la wati 12 na nusu, mfululizo, kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki. Ukishakiona hivyo, soketi iliyoyeyuka haikushangazi.

Kwa hiyo pima pampu ikiwa imechomekwa na inazunguka, au inajaribu kuzunguka. Ingiza ncha nyembamba ya mita kwa nyuma ya soketi, waya haukatwi. Kisha upime hivi. Mita ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya wa moto wa pampu: unachokiona ni volti zilizopotea njiani. Ikizidi nusu volti, tembea na njia ile fyuzi, relei, soketi, mpaka uone inapoangukia. Halafu ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa athi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Hapo pasizidi volti 0.2. Mara nyingi ni huku kwa athi ndiko kwenye wizi, na watu hawaangalii huku kwa sababu waya wa moto ndio unaotazamwa na kila mtu.

Kwenye magari mengi athi ya pampu imefungwa kwa boliti kwenye bati chini ya kiti au ndani ya buti. Sasa fikiria gari linalolala Malindi karibu na bahari, linapigwa na upepo wa kusi kuanzia Aprili, watoto wameingia na nguo mbichi kutoka ufukweni, zulia halijawahi kutolewa likakauka. Boliti ile imegeuka unga wa kijani na kahawia. Fungua, paka msasa mpaka bati ling'ae, funga, halafu paka grisi juu yake. Grisi juu, baada ya kukaza.

Asiye na mita ya kuaminika atumie balbu ya taa kubwa ya mbele. Balbu ya wati 55 huvuta ampea nne na nusu hivi, karibu sawa na pampu. Chomoa soketi ya pampu, unga balbu mahali pake kwa waya mrefu utakaoipeleka nje ya gari, mbali na tangi, na uunge kila kitu kabla ya kuweka ufunguo ON au kupiga stata ili cheche isitokee karibu na mvuke. Balbu ikiwaka nyeupe kabisa, njia ni nzima na pampu ina kesi ya kujibu. Ikiwaka nyekundunyekundu, pampu haina kosa.

Soketi ya pampu imeyeyuka upande mmoja. Nibadilishe pampu tena?

Badilisha soketi. Pini zimelegea au zimeshika kutu, zikapata joto, joto likazilegeza zaidi. Kuchomeka pampu mpya kwenye soketi ya zamani iliyoungua ni kuianzia pampu mpya ugonjwa wa ile ya kwanza. Na huenda ile ya kwanza haikuwa mbovu hata kidogo, ila hilo halisemwi sana kaunta za spea.

Nunua soketi pamoja na mkia wake wa waya, ya gari lililotumika pia inafaa kama pini zinang'aa. Unga kwa kubana au kulehemu, ukivalisha mpira wa kunywea kwa joto. Hii ni kwa upande wa nje ya tangi.

Na waya zilizo ndani ya tangi? Fundi alizikata akazisokota na tepu.

Hizo zitakurudisha gereji. Tepu ya umeme haikai ndani ya petroli. Gundi yake inayeyuka, inaachia, na vipande vinakwenda kwenye chujio. Mpira wa kawaida wa kunywea kwa joto nao hulainika na kuvimba. Hata ganda la waya wa kawaida wa gari halikutengenezwa kulala ndani ya mafuta. Pampu nyingi mpya huja na mkia wake wenye waya zinazofaa na vibano vya chuma. Tumia hivyo, ubane kwa koleo la kubania na si kwa meno ya praizi, na uhakikishe waya hazifiki kwenye mkono wa boya la geji.

Rangi za waya za pampu mpya hazifanani na za zamani. Nikigeuza itakuwaje?

Itazunguka kinyumenyume. Utasikia mvumo, utafurahi, na mafuta hayatafika mbele. Hiki ni kisa cha kawaida kwa pampu za bei nafuu zinazouzwa bila kisanduku. Usiamini nyekundu na nyeusi za mwenye pampu. Tafuta alama ya + na − iliyochapwa kwenye plastiki karibu na vituo. Na usiijaribu pampu ikiwa kavu juu ya meza kwa zaidi ya mguso, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza na kuilainishia.

Tangu pampu ibadilishwe, geji ya mafuta imelala. Au: inaonyesha tangi limejaa siku zote.

Boya la geji limekaa kwenye fremu moja na pampu, kwa hiyo mkono ulioingia kwa pampu umepita pale. Kabla ya umeme, tazama kama mkono wa boya umepinda au umenasa kwenye ukuta wa tangi. Mara nyingi pampu mpya ni nene kidogo, ikafungwa kwa zipu ya plastiki, na zipu imemzuia boya.

Kwa upande wa umeme, Toyota za zamani zina desturi hii: waya wa geji ukikatika, mshale unalala sifuri; ukigusa bodi, mshale unapanda mpaka mwisho. Yaani sifuri ni omu nyingi, kama 110, na tangi kujaa ni omu chache, kama tatu. Chomoa soketi, ufunguo ON, gusisha waya wa geji na bodi kupitia balbu ndogo ya dashibodi, usiupeleke moja kwa moja. Mshale ukianza kupanda, geji na waya wake ni wazima, rudi kwenye boya. Mpe muda, geji za zamani hazina haraka. Magari mengine, hasa ya Marekani, hesabu yake ni kinyume, kwa hiyo jua lako ni lipi.

Geji na pampu zote zikiwa na wazimu kwa pamoja, pampu inanguruma chini na mshale unachezacheza, usihangaike na kimoja kimoja. Mara nyingi wanagawana athi. Irekebishe hiyo.

Asubuhi linawaka, likipata joto linazima na haliwaki mpaka lipoe.

Honda ya miaka ya tisini? Fungua relei kuu ya injekta, iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, utazame miguu yake kwa ndani. Risasi ya kulehemu hupasuka duara dogo kuzunguka mguu, na jua la mchana ndani ya gari lililofungwa vioo linatosha kuiachanisha. Pasha upya kwa pasi ya kulehemu. Shughuli ya dakika chache, na watu wamebadilisha pampu kwa ajili yake.

Kwa magari mengine, siku linapozima usianze kufungua chochote likiwa limeshapoa, kwa sababu litakudanganya. Weka testa tayari ndani ya gari, na palepale linapozima pima: pampu ina moto wakati stata inapiga? Ikiwa haina, ni relei au amri yake. Ikiwa inao na haizunguki, hapo sasa ni pampu. Pima na cheche vilevile, maana koili na sensa ndani ya distribyuta zina tabia hiyohiyo ya kuchoka kwa joto.

Relei inapiga tiktiktik bila kukoma.

Betri imeshuka au athi ya relei ni mbovu. Baada ya kupiga stata muda mrefu kutafuta mafuta, betri iliyosoma 12.6 asubuhi haipo tena. Stata ikipiga, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, chaji kwanza, uchunguzi baadaye.

Hakuna umeme kabisa kwenye pampu, fyuzi nzima, relei nzima. Nini kingine kinaweza kukata?

Vitu ambavyo kiwanda hakikuviweka. Gari lililopita mikono kadhaa hapa Pwani limewekewa alamu, na chini ya alamu ile ya kwanza kuna nyingine iliyokufa. Karibu zote hukata stata au pampu kupitia relei iliyofichwa. Waya zake kwa makusudi zote ni nyeusi, ili mwizi asizijue, na wewe nawe huzijui. Betri ilipochomolewa wakati wa kazi, alamu ilishtuka ikafunga. Jaribu kufunga na kufungua kwa rimoti kabla ya yote.

Gari likiwa limenunuliwa kwa mkopo, kuna traka, na traka nyingi zina uwezo wa kukata pampu kutoka mbali. Hapo usitumie praizi. Mpigie aliyeiweka.

Kwa matatu na gari za abiria ongeza kidhibiti mwendo, vile vilivyolazimishwa na kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Aina nyingine hupitia kwenye waya wa pampu, na kiungo chake kikilegea gari linakohoa kwenye mwendo wowote, hata mbele ya soko.

Land Rover Discovery na Range Rover za zamani zina kikatishi cha ajali: swichi yenye kitufe juu, inayokata pampu gari linapogongwa. Ukilitikisa sana wakati wa kazi inaweza kuruka. Bonyeza kitufe.

Pampu ya zamani, ile inayosukumwa na injini yenyewe, imekufa, nikaweka ya umeme kwenye gari la kabureta. Sasa linafurika mafuta.

Umeweka pampu ya injekta. Kabureta inataka presha ndogo, takriban psi tatu mpaka sita kutegemea gari. Pampu ya injekta husukuma zaidi ya 40. Sindano ya kabureta haiwezi kuizuia. Tafuta pampu ya kabureta yenyewe.

Na hapa kuna jambo la hatari kuliko kufurika. Pampu ya zamani ilisimama injini iliposimama. Ya umeme, ikiungwa kwenye waya wa ufunguo tu, itaendelea kusukuma petroli gari likipinduka mtaroni na ufunguo bado uko ON. Pitishia umeme wake kwenye relei inayotegemea swichi ya presha ya oili, au uweke swichi ya ajali. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu mteja hataki kuilipia. Mimi nisingelipeleka gari kama hilo nje ya yadi.

Naweza kuvuta waya moja kwa moja kutoka betri mpaka pampu?

Kwa kupima, ndiyo, na ni kipimo kizuri: fyuzi ya 15 karibu na betri, waya wa milimita mraba 2.5, ukiunga upande wa betri mwisho kabisa. Gari likiamka, umejua kosa liko kwenye njia ya zamani. Kwa kufika nyumbani kutoka Mambrui usiku, sawa pia, mradi ukumbuke kuichomoa ukizima. Kuliacha hivyo mwezi mzima, hapana. Ukitaka njia mpya ya kudumu, acha waya wa zamani uamuru relei tu, na relei ndiyo ipeleke moto mpya nyuma.

Taa ya injini imewaka, na silensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, iko juu tangu betri ichomolewe.

Kompyuta imesahau ilichojifunza. Liendeshe siku moja mbili. Taa isipozima, kwenye zile Toyota zenye kiboksi cha DIAGNOSIS unganisha TE1 na E1, ufunguo ON, uhesabu mimweko ya taa hiyo; ndiyo namba ya kosa. Redio ikidai namba ya siri, anayeijua ni mwenye gari wa kwanza huko Japani, pole.

Baada ya kazi taa za nyuma haziwaki.

Waya zake zinapita pembeni mwa kiti kilichotolewa. Zimebanwa, au athi ya buti haikurudishwa.

Nasikia harufu ya petroli. Niendelee kupima umeme?

Usiendelee. Raba ya kifuniko cha pampu haikukaa, au bomba halijakaza. Fungua milango yote, chomoa hasi ya betri ukiwa mbele, subiri harufu iishe, tengeneza uvujaji kwanza. Kazi ya tangi ifanyike nje, tangi likiwa chini ya robo, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, na mwanga wa tochi ya betri. Ile balbu ya waya ya kuning'iniza inapovunjika, nyuzi yake inatosha kuwasha mvuke.

Je, pampu mpya yenyewe haiwezi kuwa mbovu?

Inaweza, na za bandia zipo nyingi. Ikipata volti 12 chini ya mzigo, athi safi, waya hazijageuzwa, na bado haizunguki, irudishe. Pima na mita kwenye omu kabla hujaondoka: pampu nzima husoma omu chache sana, kati ya nusu na tatu hivi. Isiposoma kitu kabisa, imekatika ndani. Muuzaji atasema umeme hauna marejesho, mwonyeshe vipimo.

Mimi ni wa Lamu. Gari liko Mokowe, ng'ambo upande wa bara, fundi yuko Malindi. Nibebe nini?

Kisiwani punda wanatosha, kwa hiyo gari lako husimama Mokowe wiki nzima likila hewa ya chumvi, na petroli ya kwenye tangi ni ndogo. Weka tangi nusu au zaidi. Njiani weka testa, fyuzi za 10, 15 na 20, relei moja ya aina ya pampu yako, mita tano za waya wa milimita mraba 2.5, msasa na praizi. Likikataa kuwaka, piga tangi kwa chini na ngumi au nyundo ya mpira wakati mwenzio anapiga stata. Pampu iliyonata huamka, ikakufikisha Witu, pengine Garsen.

Ukimpigia fundi simu usimwambie "umeme umekufa". Mwambie fyuzi ina moto pande ngapi, testa inawaka au haiwaki kwenye soketi ya pampu wakati stata inapiga, na geji ya mafuta inasema nini. Kwa majibu hayo matatu anaweza kukuelekeza ukiwa palepale, au akajua spea gani ya kukupakilia kwenye basi la asubuhi.